Jinsi Mwamuzi Radhamés Alivyovua Kofia Mbele ya Azua Nzima

Sogeeni, enyi wenye nywele na enyi mlioachwa nazo. Wekeni chini vikombe, zimeni redio, na mwenye mtoto aliaye amtie titi kinywani, kwa maana habari nitakayoinena haifai kuchanganywa na kelele. Wako waliosimulia kuanguka kwa miji mikuu na kuteketea kwa merikebu za wafalme. Hao nawaachia wafalme wao. Mimi nasimulia kofia moja, na kichwa kilichokuwa chini yake, na Jumapili ile hivyo viwili vilipotengana machoni pa watu wa mji wa Azua, jua likichoma bila huruma na bendi ya manispaa ikipiga wimbo wa taifa pasipo kukosea sana.

Shujaa wetu ni Radhamés Beltré, fundi wa majokofu siku za kazi na mwamuzi mkuu wa ligi ya maveterani ya softboli, mchezo wa mpira na gongo, siku za Jumapili. Radhamés wa sauti ya radi, Radhamés asiyerudi nyuma ya neno lake, ambaye akisimama nyuma ya bamba, kibao cha chini anaposimama mpigaji, na kutamka kwamba mpira umepita mahali pake, basi umepita, na hata mama yake mzazi, aliyekuwa akija uwanjani na mwavuli wa zambarau, hakuwa na mahali pa kukata rufani. Wachezaji walimtukana, kama ilivyo desturi ya mchezo huo tangu ulipobuniwa, lakini walimtukana kwa heshima.

Sasa sikilizeni asili ya msiba. Alipokuwa anakaribia miaka arobaini na mitano, jeshi la nywele za Radhamés lilianza kurudi nyuma. Kwanza zilianguka ngome mbili za mapanja. Kisha utosi ukatobolewa. Kisha askari waliosalia wakajikusanya pembeni juu ya masikio, wakaketi hapo kama watu wanaongoja basi. Na Azua, kama kisiwani kote, mwanamume hupimwa kwa mstari wa kinyozi: ule ukingo wa paji la uso unaochongwa kwa wembe kila Ijumaa hadi unyooke kama ukingo wa meza. Asiye na mstari huingia kinyozini kwa kusalimia tu, na watu humpisha kiti kwa upole, na upole huo huuma kuliko tusi.

Radhamés hakukubali upole. Siku moja, bila kumwambia mkewe Zunilda, alipanda gari hadi mji mkuu, akapanda ngazi za chumba kimoja juu ya duka la simu, akajilaza mbele ya kijana mwenye sindano ya umeme. Kijana huyo alimchora tatuu kichwani, nukta kwa nukta, maelfu kwa maelfu, kila nukta ikijidai kuwa ni unywele ulionyolewa jana. Kabla hajaanza, kijana aliuliza swali moja la busara, na ndilo pekee la busara aliloliuliza.

"Mzee, huu mstari wa mbele tuuweke juu kidogo? Uso huwa unashuka na miaka."

"Kijana," alisema Radhamés, akiinua mkono kama atoaye hukumu, "mimi sikuvuka milima kuja kujadiliana na wewe. Uweke pale ulipokuwa nilipotimiza miaka ishirini. Na uunyooshe."

Ukanyooshwa. Ungeweza kuwekea mstari ule kikombe cha kahawa kisimwagike.

Siwezi kuwaficha kwamba ilifuata enzi ya fahari. Radhamés alirejea Azua na kichwa kinachofanana na cha askari aliyenyolewa asubuhi hiyo, akatembea katikati ya barabara badala ya kandoni, akasimama juani kuzungumza na watu asiowapenda, ili mradi waone. Aliingia kinyozini akanyolewa zile nywele za pembeni ziwe fupi kama nukta, na kinyozi akaupitisha wembe juu ya mstari ambao haukuhitaji wembe, kwa heshima tu. Vyombo vya jikoni vilipata sauti mpya siku hizo, lakini hilo nitalieleza mahali pake.

Lakini wakati hauli rushwa. Wino ule, kama ilivyobainika baadaye, ulikuwa wino wa kuchorea nanga na majina ya wachumba mikononi mwa mabaharia, na sindano ilikuwa imezama kuliko ilivyopasa. Mwaka baada ya mwaka jua la Azua, linaloivisha nyanya na kupasua mipira ya maji ya bustanini, likakipiga kichwa kile. Nukta zikaanza kufahamiana. Zikashikana mikono. Zikaoana. Palipokuwa na maelfu ya nywele za kudanganya pakawa na kivuli kimoja, mfano wa tone la wino lililodondokea karatasi ya chooni. Kisha weusi ukaondoka zake na buluu ikabaki. Si buluu ya mbingu wala ya bahari, bali ile ya shati la mwanafunzi ambaye kalamu imemvujia mfukoni. Na nywele halisi za pembeni, bila kumshauri mtu, zikageuka nyeupe pe. Uso nao ukashuka, kama kijana alivyotabiri, lakini mstari haukushuka wala kupanda. Ulibaki palepale, mnyoofu, wa miaka ishirini, juu ya uso wa mtu mwenye miaka hamsini na saba.

Ndipo alipoinuka adui. Jina lake Chichí Matos, muuza bahati nasibu katika kibanda cha kona, nahodha wa timu ya Sokoni, mwenye gongo zito la kupigia mpira na ulimi mkali. Mchana mmoja Radhamés alipita kibandani kununua namba, kichwa wazi, na Chichí akamtazama kwa muda mrefu, akitafuna kijiti.

"Bosi," akasema, "mama yako alipokuogesha alikusahau kwenye beseni la nili?"

Basi. Kuna miji huanguka kwa mizinga, na kuna watu huanguka kwa neno moja. Nili ni kile kidonge cha buluu ambacho mama zetu walikitia majini wakisuuza mashati meupe, na hakuna asiyekijua. Kabla jua halijatua watoto walikuwa wakimwita Nili, na kesho yake muuza kuku alimwita Don Nili, kwa adabu.

Jioni ile Radhamés alivaa kofia. Akaivaa kazini na uwanjani, mezani na barazani. Akaivaa akisuka nyaya ndani ya jokofu la watu. Palipotakiwa kofia ivuliwe, hapakuwa na Radhamés. Na kwa kuwa wimbo wa taifa hauimbwi kofia ikiwa kichwani, alibuni maradhi: wachezaji wakijipanga na kofia zikishushwa, mwamuzi mkuu alishika tumbo na kukimbilia chooni, akatoka mpira wa kwanza ukikaribia kurushwa. Watu walimhurumia, wakamletea majani ya mpera achemshe anywe. Azua nzima ilijua kwamba mwamuzi ana tumbo la kizalendo: humshika kila bendera inapopandishwa.

Ndivyo alivyoishi hadi ilipowadia fainali ya mwaka huo, Sokoni dhidi ya Bandari. Viongozi wa ligi waliamua kuifanya ya heshima: bendi ya manispaa itapiga, na mwamuzi mkuu atasimama kwenye bamba pamoja na manahodha wawili, ashike bendera mpaka wimbo uishe. Asipopatikana, mechi itaamuliwa na shemeji wa Chichí Matos, mtu asiyeona vizuri upande wa Bandari.

Radhamés aliipokea habari hiyo mezani, mbele ya sahani ya ndizi za kuponda, jibini la kukaanga na salami. Uma ulisimama hewani.

"Zunilda," akasema, "wamenizingira."

"Kula, zitapoa," akasema Zunilda, mke wake, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na masikio mengi.

"Nikienda nitachekwa, na mwamuzi akishachekwa hana mpira mzuri wala hana mpira mbaya. Nani atamheshimu? Nisipoenda, ubingwa unauzwa mchana kweupe. Historia itanihukumu."

"Historia haijui hata unaishi wapi. Mtungi wa gesi umeisha, ukimaliza kula uupeleke."

Hakuupeleka. Alipanda pikipiki akaenda mji wa Baní, ambako aliambiwa yuko mwanamke anayerekebisha vichwa vya watu. Huyo ni Yokasta Peguero, mwenye chumba cheupe kama jibini na miwani ya kukuza. Alimvua kofia yeye mwenyewe, bila kuomba ruhusa, akakigeuza kichwa huku na huku, akakigonga kwa kidole kama anunuaye tikiti maji.

"Don Radhamés, huyu aliyekufanyia alitumia wino wa mikono," akasema. "Wino wa kichwa unatakiwa ufifie. Unakaa miaka minne, mitano, unakuwa hafifu, unarudi kwangu naongeza kidogo, na kila ukirudi tunaangalia na umri wako. Wino mzuri unajua kuondoka. Huu wako haujui kuondoka, unajua kutambaa tu."

"Unatambaa kwenda wapi?"

"Pembeni. Tena uliwekwa chini sana, na kilicho chini sana ngozi inakionyesha buluu. Kama mishipa yako hii hapa, si unaiona? Damu yako si buluu."

"Nakubali maelezo yako," akasema Radhamés, kwa sauti ya uwanjani. "Sasa niambie dawa."

"Leza. Mara nne au tano, na kila mara tunasubiri wiki kadhaa ngozi ipumzike. Ikishafifia tunaanza upya, kijivu, si nyeusi, ifanane na hizi nyeupe za pembeni. Na mstari tunaupandisha."

"Mpaka wapi?"

Yokasta akaweka kidole. Radhamés akageuza macho juu kukitafuta kidole kile asikione.

"Hapo ni kisogoni, binti yangu."

"Hapo ni hamsini na saba, Don Radhamés."

Radhamés akauliza kwa sauti ndogo, ile ambayo wachezaji hawajawahi kuisikia, kama kazi hiyo ingeweza kumalizika kabla ya Jumapili.

"Jumapili ipi?"

"Hii."

"Jumapili hii ninachoweza kukupa ni baraka. Lakini nikujaribie kidogo, uone inavyokuwa. Hapa juu ya sikio, padogo tu."

Enyi wasikilizaji, wako waliosimama mbele ya mikuki. Radhamés alilala mbele ya kile kimashine, akavishwa miwani ya chuma, akakunja ngumi, akaamuru: "Piga." Mwanga ukadunda mara moja, kama mafuta ya moto yarukayo kikaangoni, pakanuka nywele zilizoungua mahali ambapo hapakuwa na nywele, na shujaa akatoa sauti ambayo waliokuwa wakingoja nje mpaka leo hawajaafikiana kama ilikuwa ya mtu au ya mbuzi. Yokasta alipiga tena mara chache, haraka haraka, kisha akamwachia. Radhamés alirudi Azua akiwa na kichwa cha buluu chenye kiraka cheupe juu ya sikio, kikubwa kama kifuniko cha soda. Alikuwa ameongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Jumapili asubuhi Zunilda alimkuta bafuni mbele ya kioo, kofia ikiwa juu ya sinki, mkononi ana ile penseli yake Zunilda ya nyusi. Alikuwa anajaza kiraka, nukta kwa nukta, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Jasho lilikuwa limeshaanza kuziteremsha nukta za kwanza kuelekea shavuni.

Zunilda aliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea.

"Hiyo penseli ni mpya," akasema.

"Nitakununulia nyingine."

"Ulipokwenda mji mkuu ile mara ya kwanza hukuniambia. Ulirudi na kichwa kingine. Unajua nilifikiri nini? Nikafikiri una mwanamke."

Radhamés akaacha kuchora. "Mimi?"

"Wewe. Nilipiga sufuria wiki nzima, hukusikia? Halafu nikaona kumbe unajipenda mwenyewe tu, nikapumzika. Sikukucheka, Rada. Hata ilipogeuka buluu sikukucheka mbele yako. Nilikwenda kucheka kwa dada yangu."

"Nashukuru."

"Lakini siku ya harusi ya Massiel sikucheka popote."

Massiel ni binti yao wa pekee. Siku alipoolewa, baba yake alimfikisha mpaka mlango wa kanisa, ambapo wanaume huvua kofia, na hapo mlangoni tumbo likamshika. Binti aliingizwa kanisani na mjomba wake. Katika picha zote za siku ile kuna mzee mwenye kofia pana ya mfuga ng'ombe, amesimama nje, kwenye ngazi.

"Tumbo lilikuwa linaniuma kweli," akasema Radhamés.

"Rada."

Naye yule aliyekuwa hajawahi kubadili uamuzi hata mmoja, mbele ya magongo yaliyoinuliwa na chupa zilizorushwa, akashusha macho.

"Halikuwa linaniuma," akasema.

"Najua. Na yeye anajua. Mimi niliolewa na kichwa, sikuolewa na rangi. Massiel yuko njiani anakuja na mumewe kuangalia mechi. Ukitaka kukimbilia chooni leo, kimbia, mimi sitakupikia tena majani ya mpera." Akainuka, akachukua penseli yake, akaifunga kifuniko, akatoka.

Radhamés alifungua bomba. Maji yaliyoshuka kwenye sinki yalikuwa ya kahawia, kisha hafifu, kisha safi. Akajifuta. Akavaa kofia, kwa maana ushujaa nao una saa yake.

Uwanja ulikuwa umejaa hadi juu ya ukuta. Wauza karanga walipita, bia zilitoka kwenye barafu zikiwa nyeupe kwa ukungu kama mabibi harusi, na tarumbeta za bendi zilikuwa zimelazwa kwenye majani zikipata joto. Radhamés alitembea hadi kwenye bamba. Mkono wake wa kushoto ulishika mlingoti wa bendera. Kuumeni kwake alisimama nahodha wa Bandari, mtu mpole, muuza samaki. Mbele yake, uso kwa uso, Chichí Matos.

"Tumbo vipi, bosi?" akauliza Chichí.

"Limetulia."

"Choo kiko wazi, nimehakikisha."

Mkuu wa bendi akainua kijiti. Ngoma ikalia. Mara kofia mia kadhaa zikashuka pamoja, kama ndege wakitua shambani, na katika uwanja mzima kofia moja tu ikabaki juu.

Mwanzo watu walidhani amesahau. Mstari wa kwanza wa wimbo ukapita. Ukapita wa pili. Vichwa vikaanza kugeuka, kutoka safu ya chini hadi ya juu, mpaka uwanja mzima ulikuwa unamtazama mtu mmoja. Bibi mmoja nyuma ya wavu akasema, si kwa ukali, "Kofia, mwanangu." Miguu ya Radhamés ilikijua choo kilipo, ilikuwa imekwisha kuelekea huko, ncha ya kiatu kimoja imegeuka. Akatazama jukwaani. Akamwona Zunilda, amesimama, mikono ameifumbata mbele. Kando yake Massiel, amesimama wima, mkono kifuani kama walivyofundishwa shule, naye hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anatazama bendera, kwa makusudi, kama mtu aliyekwisha kujizoeza kutotazama.

Basi mkono wa kuume ukainuka. Ee mkono, wewe uliyewahi kuwatoa nje vigogo na mabingwa, ulipanda taratibu kama unaotoa ndoo kisimani. Vidole vikaushika ukingo wa kofia, uliokuwa mgumu kwa jasho la miaka. Kofia ikasita, ikang'ang'ania, ikaachia ngozi kwa sauti ndogo ya kunata. Akaivua. Akaiweka moyoni.

Jua likaanguka juu ya kichwa chote. Kila kitu kikaonekana: buluu ya shati lililovujiwa, na weupe wa pembeni, na ule mstari wa ujana uliokaa juu ya mikunjo kama reli juu ya shamba lililolimwa, na kiraka cheupe juu ya sikio, mfano wa dirisha lililoachwa wazi na mtu aliyetoka. Halafu mtu fulani akapasuka, na kicheko kikashuka jukwaa zima kama mvua juu ya mabati. Mpiga trombone alicheka ndani ya chombo chake, na taifa likapata nota mpya. Mkuu wa bendi aligeuka kumkaripia, akaona, akageuka tena haraka mabega yakimtetemeka.

Na Massiel alicheka. Alicheka kwa sauti kuliko wote, kicheko kile cha utotoni ambacho hakijui kujifunika, huku akifuta macho kwa viganja vyote viwili, kisha akainua mikono juu na kumpigia baba yake makofi, jambo lisilofanywa wakati wa wimbo wa taifa. Radhamés alimwona. Kitu kilichokuwa kimefungwa kifuani mwake tangu siku ya ngazi zile kikalegea, naye akafungua kinywa akaimba. Aliimba kwa ile sauti ya radi, nje kabisa ya tuni, maana hakuwa ameimba miaka mingi. Na ajabu ni kwamba ni vigumu watu kucheka wakiimbiwa sikioni hivyo. Safu kwa safu wakaanza kuimba naye, kwa kumzidi sauti tu, mpaka wimbo ukaisha ukiwa na nguvu ambayo haujapata kuwa nayo Azua.

Katika yote hayo mtu mmoja tu hakucheka. Chichí Matos alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, kichwa wazi kama wote, na kwa kuwa macho ya watu yalikuwa kwingine, hakuna aliyemtazama yeye. Hakuna ila mwamuzi, aliyekuwa mbele yake kwa hatua moja. Radhamés aliona nywele chache ndefu zilizotolewa upande wa sikio zikalazwa kwa mafuta mpaka upande wa pili, na chini yake utosi ukimeta. Chichí alipoona kwamba ameonwa, alirudisha kofia kabla bendi haijashusha vyombo.

Mechi ilichezwa. Mwamuzi alifunga barakoa yake usoni, kofia akaitundika kwenye wavu, akakaa nyuma ya bamba kichwa wazi. Walimwita Nili kwa mara chache za mwanzo. Lakini utani una njaa ya kitu kilichofichwa, na hapa hapakufichwa kitu. Kufikia katikati ya mchezo watu walikuwa wamerudi kugombania mpira.

Ikafika zamu ya mwisho. Bandari walikuwa mbele kwa alama moja, Sokoni wana mchezaji anayengoja kukimbilia bamba asawazishe, na aliyeingia na gongo, mpigaji wao wa mwisho, alikuwa Chichí: akitoka, mechi imeisha. Kila mpira mzuri unaoukosa ni straik, na kwa straik tatu umetoka. Kila mtoto anajua.

Mpira wa kwanza ulipita katikati. "Straik," ikanguruma radi.

"Bosi," akasema Chichí bila kugeuka, "hicho kichwa kinatumia umeme au betri?"

Mdakaji akacheka. Wa pili ukapita chini kidogo, Chichí akapiga hewa. "Straik mbili."

Hapo Chichí akaomba muda. Mdakaji akaenda kushauriana na mrushaji. Chichí akainama afunge kamba za viatu, karibu kabisa na goti la mwamuzi, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena.

"Radhamés," akasema chini chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita jina alilobatizwa. "Hiyo kitu. Inauma?"

Ni wangapi katika historia waliopewa shingo ya adui, na upanga mkononi, na uwanja mzima ukisikiliza? Neno moja tu la kupaza lingetosha, na Chichí Matos angeuza namba zake akiwa na jina jipya mpaka kaburini. Radhamés alijaza pumzi kifuani kama anayetaka kunguruma. Alikisikia kichwa chake kikiwaka kwa jua.

"Kuitia haiumi sana," akajibu, kwa sauti ndogo. "Kuitoa ndiyo balaa. Sikiliza, usitie nyeusi. Na mstari usiushushe, hata akikubembeleza."

"Nani? Nani anayefanya?"

"Yuko mmoja Baní."

"Baní wapi?"

"Baada ya mechi. Simama, watu wanatuangalia."

Chichí akasimama, akashika gongo. Mrushaji akarusha. Mpira ule ulikuja umekaa ukingoni kabisa mwa bamba, pale ambapo Mungu na waamuzi peke yao huona, ukaingia kiganjani mwa mdakaji.

"Straik tatu," akasema Radhamés Beltré. "Umetoka."

Watu wakasimama juu ya viti wauone ugomvi, kwa maana Chichí alikuwa bingwa wa kugomba. Alishawahi kulala juu ya bamba, alishawahi kula chaki ya kuchorea mistari ya uwanja. Chichí akageuka. Akafungua kinywa. Akakitazama kile kichwa cha buluu chenye dirisha lake, akakitazama kwa muda, kama mtu anayesoma ramani. Akafunga kinywa, akachukua gongo lake, akaenda kukaa.

Jioni hiyo, kwenye kila meza ya domino, watu walitafuta sababu. Wengine walisema mwamuzi alimtishia. Wengine walisema kichwa kile, kikipata jua la kutosha, humpa mtu kizunguzungu. Muuza kuku aliapa kwamba alikiona kikitoa mwanga.

Wakati huo Radhamés alikuwa ameketi jikoni kwake juu ya kigoda, shingo imeinama, ngozi nyekundu juu ya buluu hadi kukaribia zambarau, na Zunilda anampaka utomvu wa shubiri. Massiel alikuwa amekaa mezani akila nyama ya mbuzi iliyobaki mchana, akimpiga picha baba yake kila alipojisahau. Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Chichí, ana chupa mbili za bia na kofia mkononi.

"Mama mwenye nyumba, samahani," akasema. "Nimekuja kuangalia tu jinsi inavyozeeka."

Zunilda akasogeza taa karibu na kichwa cha mumewe. "Angalia," akasema. "Anza hapa mbele."

Na iandikwe, basi, na iwekwe mahali ambapo panya hawafiki: kwamba katika fainali ya Sokoni na Bandari, uwanjani Azua, mbele ya bendera, bendi na wauza karanga, Radhamés Beltré alivua kofia, kwamba mbingu haikupasuka, kwamba straik yake ya mwisho haikupingwa na mtu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ligi ilipoundwa, na kwamba adui alikuja kwake usiku haujaingia, akavuta kigoda, akaweka kidole chake juu ya ule mstari mnyoofu, polepole, kama mtu anayegusa rangi ya ukuta kuona kama imekauka.